Waliojifungia Eyam ni wenyeji wenyewe

Je, kijiji cha Eyam huko Derbyshire, Uingereza, kilifungwa na askari au kwa amri ya mfalme wakati wa tauni? Hapana. Ni wakazi wenyewe waliokubali, Juni 1666, kutovuka mipaka ya kijiji ili tauni isisambae, baada ya kushawishiwa na kasisi wao William Mompesson akishirikiana na mtangulizi wake, Thomas Stanley. Ushahidi bado upo: kwenye njia iendayo kijiji jirani cha Stoney Middleton lipo jiwe la mpaka lenye vitundu, ambamo waliweka sarafu ndani ya siki, iliyoaminika kuua ugonjwa, kulipia chakula walicholetewa na majirani. Ibada nazo zilihamishiwa bondeni, mahali pa wazi, na Mompesson mwenyewe alimzika mkewe Catherine mwezi Agosti mwaka huohuo.

Tahadhari moja ni kwamba si kila mtu alibaki, kwani baadhi waliondoka mapema, na hata watoto wa Mompesson walikuwa wamepelekwa Yorkshire. Idadi ya vifo inayotajwa kwa kawaida ni 260. Ukifika, anzia kwenye jumba la makumbusho la kijiji, kisha uende kanisani.