Kwa nini shirika la ndege likubali kurekodiwa likigombezwa?

Umeuliza faida yao ni nini, abiria wakifoka kaunta mbele ya kamera za televisheni. Ni tangazo la bure, ndugu yangu. Tazama easyJet, shirika la ndege la Uingereza: kipindi cha Airline cha televisheni ya ITV ya huko huko kilianza kuifuata mwaka 1999, kampuni ikiwa na miaka minne tu. Watu waliachwa na ndege kwa kuchelewa, wakalia, wakatukana, lakini mtazamaji alibaki akimlaumu mchelewaji, na jina la kampuni likamkaa kichwani kila wiki. Southwest ya Marekani nayo ikakubali mwaka 2004. BBC walipopiga kambi uwanja wa ndege wa Heathrow, London, kurekodi kipindi kama hicho, mfanyakazi wa Aeroflot, shirika la ndege la Urusi, Jeremy Spake, akaishia kuwa mtangazaji! Vipindi vya ajali za ndege ndivyo siangalii, hasa nikiwa na safari.