Kitanda cha ziada cha mtu mzima kwenye chumba cha familia

Dada, nimesoma swali lako. Mko watano: wewe, mume, watoto wawili (mkubwa ana miaka 13) na mama yako mzazi. Mmeshaweka nafasi ya chumba cha familia chenye kitanda kikubwa kimoja na vidogo viwili, mkaomba mama aongezewe kitanda, na hoteli imekujibu kwamba ombi limepokelewa na litategemea upatikanaji. Unauliza kama uishie hapo. Mimi husafiri na mama yangu, mume na watoto kwa mpangilio huohuo, na ningekusihi usiishie hapo.

Jibu la namna hiyo si ndiyo. Hoteli nyingi zina vitanda vya ziada vichache tu, vinagombaniwa na wageni wote wa usiku ule, na anayepewa ni yule ambaye ombi lake limethibitishwa kwa maandishi na kuingizwa kwenye nafasi yake. Ukifika saa mbili usiku na vimeshakwisha, mhudumu wa mapokezi hana cha kukusaidia hata akiwa na moyo mzuri kiasi gani.

Kuna jambo kubwa kuliko hilo, na watu wengi hawalijui mpaka wafike mlangoni. Kila chumba kina idadi ya juu ya watu wanaoruhusiwa kulala humo, na idadi hiyo huzingatia usalama: moto ukizuka, watu watoke bila kukwama. Kwa hiyo sakafu inaweza kuwa na nafasi ya kutosha kabisa na bado mtu wa tano akakataliwa. Hapo kubembeleza hakusaidii, na anayekukatalia hakuonei. Swali lako la kwanza kwa hoteli liwe hili: "Chumba hiki kinaruhusiwa watu wazima wangapi na watoto wangapi, kitanda cha ziada kikiwemo?" Na utaje umri wa watoto. Huyo wa miaka 13, hoteli nyingine zitamhesabu mtoto na nyingine mtu mzima. Kila hoteli ina mpaka wake. Akihesabiwa mtu mzima, ninyi mtakuwa watu wazima wanne na mtoto mmoja, na hesabu ya chumba inabadilika, wakati mwingine na bei pia.

Sasa vipimo. Kitanda cha ziada cha mtu mzima kwa kawaida kina upana wa sentimita 80 hadi 90 na urefu wa 190 hadi 200. Usiulize chumba kina mita ngapi za mraba, kwa sababu ukubwa unaotangazwa mara nyingi unajumlisha bafu na kijia cha kuingilia, na humo hakuna atakayelala. Uliza nafasi iliyobaki kati ya upande wa miguuni wa kitanda kikubwa na ukuta wa mbele. Tuseme ni mita 2. Ukikilaza kitanda cha sentimita 90 sambamba na ukuta, inabaki mita 1.1 na mnapita vizuri. Lakini kwenye ukuta huohuo mara nyingi kuna meza ya televisheni, nayo inakula sentimita 40 au 50. Sasa imebaki kama 60, yaani mtu mmoja anapita na mwenzake anasubiri. Chini ya hapo mtakuwa mnarukiana vitandani kila mmoja akitaka kwenda msalani usiku.

Milango nayo itazame. Tuliwahi kuletewa kitanda usiku, wahudumu wakakikunjua upesi wakaondoka, na alfajiri mlango wa bafu ukawa unafunguka robo tu. Mlango wa kabati la ukutani haukufunguka kabisa, na nguo za mama zilikuwa humo. Tangu hapo naomba picha ya chumba kikiwa na kitanda cha ziada kimetandikwa. Hoteli zilizozoea familia huwa nayo, au mtu wa usafi wa vyumba anaipiga na simu ndani ya dakika chache. Picha moja ya namna hiyo inakwambia mengi kuliko barua pepe tano.

Kama kinachobana ni kiti cha mapumziko na meza yake ndogo, omba vitolewe kabla hamjafika. Vitolewe na wahudumu, viende stoo. Msivisogeze wenyewe hadi kwenye korido, maana ile ndiyo njia ya kukimbilia kukiwa na hatari. Wala kitanda kisikae nyuma ya mlango wa kutokea, hata kama ndipo penye nafasi nzuri.

Na neno "ziada" lenyewe ulifafanue. Kuna hoteli zinazoleta kitanda kifupi cha mtoto, kwa hiyo andika "cha mtu mzima" na utaje urefu wa atakayekilalia. Kuna nyingine ambazo kitanda hicho ni kochi lililomo chumbani tayari, linalovutwa likawa kitanda. Kochi la hivyo likishakunjuliwa linaweza kufika mita 2 au zaidi kutoka ukutani, na pengine limeshahesabiwa kwenye ile idadi ya watu wanaoruhusiwa chumbani. Uliza waziwazi.

Jambo ambalo ningekuomba ulifikirie sana ni nani atakilalia. Umeandika kwamba kitanda ni cha mama. Dada, mama asilale hapo. Kitanda cha kukunja kina fremu ya chuma inayojikunja katikati, na godoro lake mara nyingi ni sponji nyembamba, sentimita 10 hivi. Pale panapojikunja pana bomba la kukingama, nalo linakuja sawa na kiuno. Kijana analala humo fofofo, ila mtu mzima mwenye mgongo au magoti yanayosumbua ataamka amekakamaa. Tena vingi viko chini kuliko kitanda cha kawaida, na kuinuka kutoka pale chini gizani, bila pa kushika, ndipo wazee wanapoanguka. Mama apewe kimojawapo cha vile vidogo vya kudumu, kile kilicho karibu na bafu na swichi ya taa, na mjukuu wa miaka 13 ndiye ahamie kwenye cha ziada. Mama atakataa, atasema mtoto asisumbuliwe. Mpange mapema nyumbani, na mtoto mwenyewe ndiye amwambie bibi yake.

Malipo nayapitia haraka. Mara nyingi kitanda cha ziada hutozwa kwa kila usiku, hulipwa hotelini, na hakionekani kwenye jumla uliyoiona mtandaoni. Uliza kama bei hiyo ina kifungua kinywa, shuka, mto na taulo za mtu wa tano. Halafu ilinganishe na bei ya vyumba viwili vyenye mlango wa kati. Kwa watu watano, tofauti inaweza kuwa ndogo kuliko unavyodhani, na mnapata mabafu mawili na mama anapata usingizi wake. Ila hapa napo uwe makini: vyumba vilivyo jirani si lazima viwe na mlango wa kati, hivyo sisitiza mlango.

Ujumbe waandikie hoteli wenyewe, hata kama mliweka nafasi kupitia tovuti nyingine. Taja namba ya nafasi yenu, tarehe, watu watano na umri wa watoto, kisha waombe wathibitishe mambo manne: idadi inaruhusiwa, kitanda ni cha mtu mzima, bei kwa usiku, na kwamba kitakuwa kimetandikwa mtakapofika. Jibu lihifadhi kwenye simu, mahali unapoweza kulifungua bila intaneti.

Mkifika, mtoto akilalie kabla hamjafungua mabegi. Bonyeza breki za magurudumu, hakikisha kitasa cha kukunjia kimejifunga, ajigeuze upande huu na ule. Kikilalamika au kikibonyea katikati, kubadilishiwa mapema ni rahisi kuliko saa nne usiku.

Na kama hoteli itaendelea kujibu kwa mafumbo, angalia leo tarehe ya mwisho ya kughairi bila kukatwa pesa. Wape siku mbili tatu za kujibu kabla ya tarehe hiyo. Wasipothibitisha, hamia penye chumba cha watu watano au vyumba viwili vyenye mlango wa kati.