Ukiita maoni ya wananchi, andaa na jibu

Wadogo zangu mlioingia idara za mawasiliano za kaunti hapa Kenya mwaka huu, nawapenda, na ndiyo maana nasema bila kuzunguka. Msimu wa bajeti umefika na mabango yenu nimeshayaona. Picha ya gavana imekula robo tatu ya nafasi, nembo zimejipanga chini, na tarehe ya kikao imeandikwa kwa herufi ambazo mama wa Shimoni mwenye simu iliyopasuka kioo hawezi kuzisoma. Chini kabisa kuna kiungo cha PDF: kurasa mia na ushei za Kiingereza, zimepigwa skani zikiwa zimelala upande. Halafu mnaniuliza kwa nini watu hawatoi maoni!

1. Kalenda kwanza, bango baadaye. Sheria ya Usimamizi wa Fedha za Umma ya 2012 imeshawapangia mwaka mzima: mpango wa maendeleo wa mwaka uwe umefika kwenye bunge la kaunti kufikia Septemba 1, mkakati wa fedha kufikia Februari 28, makadirio ya bajeti kufikia Aprili 30. Tarehe hizi hazifichwi na mtu, lakini tangazo bado linatoka Ijumaa jioni kwa kikao cha Jumatatu asubuhi. Mvuvi aliyelala baharini atalionea wapi? Na mwaka uandikwe kwenye bango, maana la mwaka jana bado linazunguka WhatsApp na kuna watu wanapanda matatu kwenda kwenye kikao kilichokwisha.

2. Kurasa zote zifunguliwe kwa baruapepe na namba ya ofisi. Mwanafunzi wa mafunzo kazini akimaliza muda wake, ukurasa wa kaunti usiondoke mfukoni mwake.

3. Soma sauti na maandishi yote mwenyewe kabla ya kuandika muhtasari. Hapa nitakaa.

Miaka kadhaa iliyopita, katika kaunti ambayo sitaitaja, tulikusanya maoni kuhusu ushuru wa madiko, yaani mahali wavuvi wanaposhushia samaki. Kwa vipimo vyote vya kazi yetu tulifanya vizuri: fomu ya Google, namba ya WhatsApp, vipindi vya redio, watu wetu wakizunguka na kipaza sauti. Maoni yakamiminika. Wakubwa walifurahi, na mimi nilifurahi zaidi yao.

Miongoni mwa sauti zilizoingia WhatsApp ilikuwa ya mama karanga mmoja, yaani mchuuzi wa samaki wa kukaanga. Alieleza kwamba ushuru unatozwa kwa ndoo, pale pale dikoni, kabla hajauza hata samaki mmoja. Barafu hakuna. Samaki wakiharibika, hasara ni yake na ushuru haurudi. Kisha akapendekeza ushuru utozwe sokoni, baada ya mauzo, akaeleza hata nani asimame wapi ili watu wasikwepe. Lile halikuwa lalamiko. Ulikuwa mpango wa ukusanyaji uliofikiriwa hadi mwisho, na ulikuwa bora kuliko wetu.

Kazi ya muhtasari ilikuwa yangu. Niliombwa ukurasa mmoja. Nikaweka idadi ya washiriki, nikaigawa kwa wadi, kwa jinsia, kwa umri, nikachora duara za rangi. Kuhusu wachuuzi niliandika kwamba “walieleza changamoto za barafu.” Basi. Pendekezo lake halikukataliwa na kamati, kwa sababu halikuifikia kamati. Lilipotea mikononi mwangu, na ripoti ikasifiwa.

Ushuru ukapita ulivyokuwa, kwa ndoo. Hakuna aliyerudi kuwaambia.

Mwaka uliofuata tukatuma mwito uleule kwa namba zilezile. Tiki za bluu zikaonekana, majibu hayakuja. Tukaamua kwenda wenyewe dikoni. Yule mama alitupokea vizuri, akatukaribisha viti na mihogo ya kukaanga, akauliza, “Yale ya mwaka jana mliyasikia?” Sikuwa na la kusema. Naye hakupandisha sauti. “Basi mkimaliza kuyasikia yale, ndipo mje muulize mengine.”

Nawaambia haya kwa sababu wiki iliyopita nimesoma rasimu za ripoti zenu. Duara za rangi ni zilezile. “Watu elfu kadhaa wamefikiwa.” Wamefikiwa na nini, na wamesema nini? Mtu aliyetumia bando lake kueleza namna ya kurekebisha sheria amefanya kazi ya serikali bila mshahara, nanyi mnamgeuza kuwa asilimia. Inaniudhi, na itaendelea kuniudhi.

4. Mtaambiwa na wanasheria kwamba hamlazimiki kujibu kila oni. Ni kweli jambo hili limebishaniwa hadi juu kabisa. Julai 31, 2024, Mahakama ya Rufaa iliitangaza Sheria ya Fedha ya 2023 kuwa kinyume cha Katiba, na mojawapo ya hoja zake ilikuwa kwamba Bunge lilipaswa kutoa sababu za kukubali au kukataa mapendekezo ya wananchi. Oktoba 29 mwaka huohuo Mahakama ya Juu ikautengua uamuzi huo. Wakili wa ofisi anaweza kulala vizuri. Wewe wa mawasiliano usilale, kwa sababu mwakani utawarudia watu walewale.

Tengeneza jedwali: oni, wadi lilikotoka, uamuzi, sababu. Yanayofanana yaunganishe, lakini pendekezo lenye mpango wake lisimame peke yake. Liweke kwenye tovuti, lisomwe redioni, lirudishwe kwenye kikundi kilekile cha WhatsApp ulikoyaomba maoni. Kataa waziwazi ikibidi. “Hatukuweza, fedha za mwaka huu zimekwisha kupangiwa zahanati” ni jibu ambalo mtu mzima analivumilia. Na kuna mahali ambapo kunyamaza hakuruhusiwi hata kidogo: ombi la habari chini ya Sheria ya Kupata Habari ya 2016 lina siku 21, na likihusu uhai au uhuru wa mtu ni saa 48. Ombi hilo likiingia kwa ujumbe wa Facebook saa tano usiku, lipelekeni kwa afisa husika asubuhi. Kulijibu kwa kikaragosi cha mikono iliyoshikana hakutoshi.

5. Fomu ya maoni isidai namba ya kitambulisho. Sheria ya Ulinzi wa Data ipo tangu 2019, isomeni.

6. Lugha. Mswada wa Fedha wa 2024 ulipotoka, vijana waliufanya usomeke. Waliutafsiri kwa lugha za nyumbani, wakaueleza kifungu kwa kifungu kwenye TikTok, wakaingia X kubishana kuhusu bei ya mkate. Kwa simu zao walifanya kazi ambayo mimi nawe tumeajiriwa kuifanya. Juni 25 walipigwa risasi barabarani wakiandamana kuupinga. Kesho yake Rais William Ruto akatangaza kwamba hatautia saini, na Julai 5 akaingia kwenye mazungumzo ya sauti ya X kuwasikiliza. Nilisikiliza nikiwaza mazungumzo yale yangefanyika Mei, mswada ukiwa bado mbichi, na wale watoto wakiwa bado hai. Siwezi kufundisha kazi hii bila kulisema hili.

Kwa hiyo muhtasari wa kurasa mbili za Kiswahili si hisani. Ongezeni sauti fupi ya Kigiriama au Kidigo, maana sauti inasambaa hata kwa bibi asiyesoma. PDF iwe ya maandishi, siyo skani, ili programu za kuwasomea wasioona zifanye kazi.

Jumatatu tunaanza maandalizi ya mkakati wa fedha. Rasimu ya kwanza ninayoitaka mezani ni ya ukurasa wa majibu: jedwali likiwa bado tupu, lina tarehe ya kuchapishwa na jina la atakayelijaza. Bango mtaniletea baada ya hapo.