Malta wakati wa baridi: nenda, lakini jipange

Ndugu, umeuliza kama inafaa kwenda Malta wiki moja mwezi Februari kutazama mambo ya kale, au usubiri kiangazi. Kwa lengo hilo, ningekushauri uende Februari, kwa kuwa kiangazi jua huwa kali na vichochoro vya Valletta, mji ulioanza kujengwa mwaka 1566 baada ya Waturuki kushindwa kuiteka Malta, hufurika watalii.

Jambo la kwanza, hata kabla ya hoteli, ni tiketi ya Hal Saflieni, makaburi yaliyochongwa ndani ya mwamba chini ya ardhi maelfu ya miaka iliyopita. Huingia watu wapatao 80 tu kwa siku, na anayechelewa hukosa. Katika Kanisa la Mtakatifu Yohane mjini Valletta kuna mchoro wa mwaka 1608 wa Caravaggio, mchoraji wa Kiitaliano, lakini usisahau kutazama chini, kwani sakafu nzima ni mawe ya marumaru ya makaburi ya mashujaa wa zamani (wapiganaji wa Kikristo waliotawala Malta), yenye picha za rangi za mafuvu na mifupa. Viatu vya visigino vyembamba haviruhusiwi humo.

Ukiweza, uwepo tarehe 10 Februari, sikukuu ya kukumbuka kuvunjikiwa kwa Mtume Paulo na merikebu, ambapo sanamu yake hubebwa barabarani.

Beba sweta nzito: nyumba za mawe huwa na unyevunyevu, na baridi ya ndani (kwa maoni yangu) huudhi kuliko ya nje. Safari ya feri kwenda kisiwa jirani cha Gozo ipange mapema katika wiki, ili upepo ukichafua bahari ubaki na siku nyingine.