Jibu: Safari ndefu kwa vespa kupitia njia za ndani, Unguja na Pemba

Assalaam aleikum, ndugu. Umeuliza kama vespa yako ya cc 150 inaweza kukutoa mjini Unguja hadi Makunduchi, na siku nyingine ikakutembeza Pemba kutoka Mkoani hadi Kigomasha, bila ya kushindana na daladala na magari ya watalii katika barabara kuu. Inaweza, na huhitaji chombo kikubwa zaidi ya hicho. Nimekuwa nikisafiri hivi kwa muda mrefu, na naona wengi wanaoanza hupanga safari kwa kuhesabu kilomita. Unguja ina urefu wa kama kilomita 85 tu na Pemba haifiki 70, kwa hiyo masafa hayawezi kukushinda. Kinachoamua kama utafika salama na kwa raha ni ardhi unayopita na msimu unaoipitia, na hayo mawili ndiyo ya kuyaangalia kabla hujafungua ramani.

Upande wa magharibi na katikati ya Unguja utakuta kinongo, ule udongo mwekundu wenye kina unaobeba mikarafuu, minazi na miembe. Wakati wa kiangazi njia ya kinongo ni tulivu na laini, na mara nyingi ina kivuli. Mabondeni, hasa kwenye mashamba ya mpunga, kuna kinamo, udongo mzito unaonata, na huo ndio wa kuuheshimu. Vespa ina nafasi ndogo sana kati ya tairi la mbele na madigadi. Kinamo kikilowa hujaza nafasi hiyo kidogo kidogo, usukani unakuwa mzito, na mwisho gurudumu linakataa kabisa kuzunguka, hata ulazimike kushuka na kuuchokoa udongo kwa kijiti. Mashariki na kusini kuna uwanda, ardhi ya mawe, ambako maji ya mvua huzama mara moja na tope ni haba, lakini mawe yake yana makali na hukata tairi ubavuni. Ndiyo maana wakati wa masika, kuanzia Machi hadi Mei, mimi huelekea kwenye mawe, na njia za udongo huziacha mpaka jua la kipupwe lizikaushe. Wengi hufanya kinyume chake kwa kuogopa mawe, na wanakwama.

Kwa safari yako ya Makunduchi, toka mjini mapema hadi Bububu, kisha kata kulia uingie Kidichi na Kizimbani, katikati ya mashamba ya viungo. Kutoka Kizimbani kuna barabara inayokutoa Kiboje, kwenye njia ya Chwaka. Fuata njia hiyo kupitia Dunga hadi Jendele, kisha ingia kulia kwenye barabara ya Cheju inayotokea Kaebona, Unguja Ukuu. Ukibaki kwenye barabara yenyewe huna shida. Ukivutiwa na vijia vinavyoingia mashambani pale Cheju, kumbuka niliyosema juu ya kinamo. Baada ya Kaebona huna budi kuungana na barabara kuu ya kusini na kupita msitu wa Jozani, kwa kuwa sijaona njia nyingine inayofaa kwa tairi ndogo. Hapo vumilia, kaa kushoto, na usiyachukie matuta: yamewekwa kwa ajili ya kima punju, ambao huvuka barabara wakati wowote na hawapatikani popote duniani ila katika visiwa vyetu. Ukifika Kitogani magari mengi ya watalii hushika njia ya Paje, nawe unakata kulia kuelekea Muyuni, na kuanzia hapo barabara inatulia mpaka Makunduchi.

Kaskazini nitakutajia njia moja tu, nayo ni ya Mfenesini kwenda Bumbwini, kwa sababu inakuepusha na sehemu kubwa ya msongamano wa Mahonda na inakufikisha Mangapwani kwa utulivu.

Upepo nao uingie katika mpango wako. Kuanzia Juni hadi Septemba kusi huvuma kutoka kusini, na vespa, kwa ile ngao yake pana ya mbele, huhisi upepo kuliko pikipiki ya kawaida. Katika miezi hiyo nenda kusini baada ya sala ya alfajiri, upepo ukiwa bado mdogo, ili mchana unaporudi uwe nao mgongoni. Kaskazi ikianza, geuza: safari za Nungwi ziwe za alfajiri. Epuka pia kupita vijijini wakati watoto wanapokwenda na kutoka skuli. Siku ya Ijumaa tafuta mahali pa kusali kabla ya adhana badala ya kukuta njia ya kijiji imejaa watu wanaotoka msikitini. Katika Ramadhani, saa moja kabla ya futari usiwe barabarani kabisa ikiwa unaweza, kwa kuwa kila mwenye gari anakimbilia nyumbani.

Juu ya hali ya njia, usitegemee simu peke yake. Ramani ya simu huonyesha mstari ule ule kwa barabara ya kifusi na kwa kijia cha ng'ombe. Simama barazani, salimia kwanza, kisha uliza. Usiulize kama njia ni nzuri, maana utajibiwa kwa adabu kwamba ni nzuri. Mzee mmoja, tulipokuwa tukiongea pembeni mwa bonde la Cheju, alinifundisha namna ya kuuliza: "Mwanangu, uliza gari la ng'ombe lilipita lini." Likiwa limepita jana na magurudumu yake hayakuacha mfereji, vespa itapita. Wakikwambia ng'ombe hawajapita tangu mvua, shukuru na ugeuze. Tangu hapo sijaona swali linalotoa jibu la kweli zaidi ya hilo.

Sasa chombo chenyewe. Ikiwa vespa yako ni ya zile zinazotumia petroli iliyochanganywa na oili, chukua oili yako mwenyewe katika chupa yenye alama za kipimo. Kwa nyingi ya hizo kipimo ni asilimia 2, yaani mililita 20 kwa kila lita ya petroli, lakini hakikisha kwa fundi anayeijua mashine yako. Vituo vya mafuta viko zaidi mjini na kwenye barabara kuu, na huku ndani utauziwa petroli ya chupa dukani. Iangalie kwenye mwanga kabla ya kuimimina, na kama kuna maji au uchafu chini ya chupa, usiitie. Jaza tangi kabla ya kuacha barabara kuu hata kama unaona bado yapo. Chukua plagi ya akiba, spana yake, waya wa klachi na waya wa gia. Tairi la akiba ni neema kubwa ya vespa, kwa kuwa lile lile linaingia mbele na nyuma, lakini lipime upepo kabla ya safari, maana watu hulisahau hata likawa halina faida. Mzigo mzito uweke mbele miguuni au chini ya kiti. Ukiufunga wote nyuma ya kiti, gurudumu la mbele linakuwa jepesi na usukani hutangatanga kwenye kifusi.

Pemba ni habari nyingine kwa sababu ya vilima vyake. Ulizia mapema nafasi ya vespa kwenye boti ya kwenda huko, kwa kuwa si kila boti inaipokea. Katika miteremko mirefu, mashine ya kuchanganya oili ina hatari ambayo wengi hawaijui: oili huingia pamoja na petroli, kwa hiyo ukifunga mafuta na kuiacha gia ishikilie chombo hadi bondeni, mashine inazunguka kwa kasi huku ikipata ulainisho mdogo sana. Fungua mafuta kidogo kila baada ya muda, na utumie breki zote mbili kwa upole. Msimu wa karafuu ukifika, kingo za barabara nyingi za vijijini huwa na majamvi ya karafuu na makonyo, yaani vikonyo vyake, yaliyoanikwa. Ile ni mali ya watu na jasho la familia nzima, kwa hiyo usiyasogelee hata ukipishana na gari. Simama ulipishe kwanza.

Kutoka Chake Chake, ukiwa na siku nzima, pitia njia ya Ole na Kangagani hadi Konde, kisha ingia msitu wa Ngezi kuelekea Makangale. Kivuli cha Ngezi huiacha njia imelowa siku kadhaa baada ya mvua, hivyo Konde ndipo pa kuuliza lile swali la gari la ng'ombe. Ukikaribia ufuko wa Vumawimbi utakutana na kichanga: shika gia ya pili, mwendo mmoja, na usiguse breki ya mbele. Panga kuwa umeshautoka msitu kabla ya magharibi, kwa kuwa taa ya vespa haitoshi kukuonyesha mashimo chini ya miti ile.

Nitajie mwezi unaokusudia kusafiri na aina ya mashine yako, nami nitakuandikia mpango wa Pemba kijiji kwa kijiji.