Fundi Anajibu: Raleigh ya zamani, pesa ianzie kwenye magurudumu

SWALI: Shikamoo fundi. Mimi ni mwalimu huku Bahi. Nimepata baiskeli ya mashindano ya zamani iliyokuja na kontena la mitumba. Ni Raleigh, na fremu ina stika ya Reynolds 531. Gia zinabadilishwa kwa vijiti viwili vilivyo kwenye bomba la chini, nyuma ina gia 6, rimu ni za chuma na tairi zimeandikwa 27 x 1 1/4. Tairi za namba hiyo nimezitafuta mpaka Dodoma mjini, sijapata. Jumamosi huwa naamkia mjini na kurudi jioni. Nina laki nne. Kijana mmoja ananiambia nifunge gia 11, mikono ya breki yenye gia ndani yake, na breki za diski. Nianzie wapi?
*Mwalimu, Bahi*

JIBU: Marahaba, mwalimu. Hiyo stika usiibandue. Kampuni ya Reynolds ya Birmingham, Uingereza, ilianza kuuza mabomba ya 531 mwaka 1935, chuma kilichochanganywa manganizi na molibdeni, chepesi na kigumu. Roho inaniuma nikikuta fremu ya namna hiyo imelazwa kwenye mizani ya vyuma chakavu hapa Dodoma, na bado imenyooka.

Kabla hujatoa hata shilingi, igeuze baiskeli chini juu. Pitisha kidole upande wa chini wa mabomba mawili yanayotoka kwenye shingo ya usukani, pale pale nyuma ya kiungo. Ukihisi mkunjo, au rangi imejikunyata kama ngozi, ujue iligonga kitu kwa mbele, na laki nne zako zibaki mfukoni. Pakiwa laini, tuendelee.

Anza na magurudumu. Rimu ya 27 ina kipenyo cha milimita 630 pale tairi linapokaa. Ile ya 700C, ambayo ndiyo inayotumika sasa kwenye baiskeli za aina hiyo na ambayo tairi zake zinapatikana, ina 622. Kwa hiyo rimu mpya itakaa milimita 4 karibu zaidi na habu, yaani kitovu cha gurudumu, na raba za breki itabidi zishuke milimita 4. Legeza nati ya raba uone kama mfereji wa kalipa (koleo la breki linalobana rimu) una nafasi hiyo. Ukiwa nayo, breki zako za sasa zitafaa, nunua raba mpya tu. Usipokuwa nayo, tafuta kalipa zenye mikono mirefu: kutoka kwenye bolti ya katikati hadi kwenye raba zifike milimita 47 mpaka 57. Za kisasa nyingi hufungwa kwa nati inayozama ndani ya foku, kwa hiyo fundi atapanua tundu la nyuma ya foku lifike milimita 8. La mbele asiliguse.

Faida ya pili ni kwamba rimu ikiwa ndogo, tairi linaweza kuwa nene. Funga 700 x 28, na kama nafasi inaruhusu, 32. Usikubali zile nyembamba za 23. Ukitoka tu nje ya lami huko Bahi unakanyaga miiba ya migunga, na wewe hukimbizani na mtu. Tena rimu ziwe za aluminiamu. Chuma kilichopakwa kromu kikilowa hakishiki breki, na mvua zetu za Desemba hadi Aprili, hata kama ni chache, zinaweza kukukuta njiani na lori liko mbele yako.

Sasa nyuma. Pima nafasi kati ya masikio mawili ya fremu yanayoshika ekseli. Kwa gia 6 kawaida utakuta milimita 126. Habu za kisasa za breki za rimu ni 130. Fremu ya chuma inavumilia hiyo tofauti. Unayavuta masikio kwa mikono, gurudumu linaingia. Ukitaka yakae hivyo moja kwa moja, fundi apinde kila upande milimita 2, kisha apime kwa uzi: unafungwa kwenye sikio moja, unapitishwa mbele ya shingo ya usukani, unarudi kwenye sikio la pili. Nafasi kati ya uzi na bomba la kiti ilingane kushoto na kulia. Mimi fremu haitoki mikononi mwangu bila kipimo hicho, na wewe simama hapo hapo ukione kwa macho yako. Ila atakayekwambia aipinde hivyo fremu ya aluminiamu au ya kaboni, mkatalie. Hizo zinapasuka.

Diski achana nazo. Breki ya diski ikikamata inavuta mguu mmoja wa foku, ule wa kushoto, na foku yako ina miguu myembamba iliyotengenezwa kwa breki ya kukaa juu. Kuchomelea kishikio cha diski kwenye mabomba ya 531 ni kuiua fremu.

Gia nimeziacha nyuma makusudi. Gia 11 zinataka cheni nyembamba, kaseti (rundo la gia za nyuma) ghali na mikono ghali, na vumbi la Dodoma linakula cheni haraka. Chukua kaseti ya gia 8 na cheni yake. Kama vijiti vyako vinateleza bila kutoa mlio wa "tik", vitaendesha gia 8 bila kubadilisha kitu, isipokuwa kurekebisha zile skrubu mbili za kihamisha cheni cha nyuma. Mikono yenye gia ndani, ambayo Shimano waliileta mwaka 1990, ni mizuri kweli, lakini ingoje mfuko ujae. Kama gurudumu utakalonunua lina pipa la kaseti (pale kaseti inapovishwa) la Shimano la gia 11, lichukue. Linapokea hata za 8, 9 na 10 ukitanguliza washa ya milimita 1.85, na siku ukitaka kupanda daraja gurudumu litakuwepo.

Kwenye kaseti jali gia kubwa kuliko zote, ina meno mangapi. Bahi kuja mjini unaelekea mashariki, na upepo wetu unatoka huko huko. Mwezi wa saba na wa nane unakupiga usoni toka Bahi mpaka Nala, karibu na mjini. Kama mbele una meno 42 na nyuma una 28, mzunguko mmoja wa pedeli unazungusha gurudumu mara moja na nusu. Hapo magoti yatapumua.

Ekseli ya pedeli usiibadilishe kama haichezi. Baadhi ya Raleigh za Nottingham hapo zina nyuzi za skrubu 26 kwa inchi badala ya 24, na kikombe kipya cha kushika golori hakiingii. Ifungue, isafishe, weka grisi na golori mpya za robo inchi.

SWALI: Fundi, habari za kazi. Nina banda la baiskeli Manyoni. Raleigh ya mteja, kikombe cha upande wa cheni kimegoma. Nakifungua kwa bomba refu kwenye spana lakini hakisogei.
*Fundi mwenzako*

JIBU: Nzuri, ndugu yangu. Unakikaza. Kwa nyuzi za Kiingereza, kikombe cha upande wa cheni kinafunguka kwa kuelekea saa inavyokwenda. Mwagia mafuta ya kulainisha kutu, ukiache kilale. Kesho yake pitisha bolti nene ya milimita 16 katikati ya kikombe, nati ikae nje, washa pande zote mbili, halafu kaza nati kuelekea saa. Ikishabana, endelea kukaza, itaondoka na kikombe. Ukiletewa Peugeot ya zamani, soma kwanza maandishi ya kwenye kikombe. Yakisema 35 x 1, zinaweza kuwa nyuzi za Kifaransa, na hizo zinafunguka kinyume cha saa pande zote mbili, au za Uswisi, ambazo upande wa cheni zinafunguka kuelekea saa.