Jibu: Povu la floraidi kwa mtoto wa miaka 4

Dada, umeuliza kama povu la floraidi (madini yanayokinga meno yasioze) walilokushauri kliniki litamfaa mwanao wa miaka 4, na ufanyeje lishike. Kwa umri huo mie ningeomba vanishi ya floraidi. Povu hukaa mdomoni kwenye trei inayovalishwa menoni dakika 4, na mtoto hajui kutema bado, ataligugumia. Ni kweli ni jepesi, hutumika kidogo sana kuliko jeli, lakini vanishi hupakwa kwa brashi, hugandia jinoni na kutoa floraidi saa kadhaa.

Povu mpe huyo kaka yake wa miaka 9. Trei imwenee, isijazwe ikafurika. Meno yafutwe yakauke kwanza, akae wima, kichwa kimeinama mbele kidogo, kifyonza mate kikifanya kazi. Na dakika 4 ziwe 4 kweli, si moja ya haraka eti foleni imefika nje! Akimaliza ateme, asisukutue, asile wala kunywa kitu nusu saa.

Hapo ndipo Mombasa tunapoharibu. Mtoto anatoka tu mlangoni, keshashika mfuko wa mabuyu, vidole vyekundu, anamumunya mbegu moja baada ya nyingine mpaka nyumbani. Sukari na ukali ule vikikaa jinoni mchana kutwa, hakuna povu litakalofua dafu. Mabuyu ale baada ya chakula, yaishe, anywe maji.

Usiku mpigishe mswaki wewe mwenyewe, dawa yenye floraidi kiasi cha punje ya njegere.